Kijiti puani? Kuna njia ya kutema mate!

Waliosafiri nje enzi za korona, 2020 na 2021, ukiwatajia tu kile kijiti cha pamba machozi yanawalengalenga. Si mchezo bwana! Kinapita tundu la pua hadi nyuma kabisa, pale pua inapokutana na koo, kisha kinazungushwa. Hapo ni mtu mzima na ndevu zake. Mtoto je? Mama anabembeleza, baba kashika mikono, nesi jasho linamtoka. Siku ya pili ukisema "twende tukapime", mwenzio yuko uvunguni! Asiyepimwa naye anaendelea kulala na bibi yake chumba kimoja, anamkoholea usiku kucha.

Hebu sikia walichofanya Wakanada wa jimbo la British Columbia. Septemba 2020 shule zimefunguliwa, mafua yamejaa, nani wa kuwachokonoa pua watoto wote hao? Wakaleta maji ya chumvi. Mwanafunzi wa miaka 4 hadi 19 alipewa kidogo, akayazungusha mdomoni sekunde 5, akainua kichwa akasukutua koo (ile grrr grrr) sekunde 5, akafanya hivyo mara 3, akatema kwenye kichupa. Kwisha! Tena wazazi waliambiwa wawafanyishe mazoezi nyumbani kwanza, kwa maji ya kawaida.

Marekani nao, Agosti 2020, Chuo Kikuu cha Yale kilipata kibali cha kipimo cha mate kiitwacho SalivaDirect. Unatema kwenye chupa kavu, bila dawa ya kuhifadhia. Wachezaji wa kikapu wa NBA walikuwemo katika majaribio yake, na Yale ikawaachia wenye maabara wafuate utaratibu huo bila kuununua.

Sasa usije ukabeba chupa ya jemu yenye mate ukaipeleka maabara, watakucheka. Mpaka iwe maabara iliyojiandaa kupima mate, basi uliza kwanza. Ukiambiwa usile wala kunywa nusu saa kabla, tii, hata chai acha. Na ni mate dada yangu, si makohozi.

Kwa kichanga asiyejua kutema, kuna kijiti kinachogusa mbele tu ya pua. Kinaweza kukosa kirusi ambacho kile cha ndani kingekinasa, hivyo daktari akisema mgonjwa mahututi apimwe kule kule nyuma, mwache afanye kazi yake.