Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Kanda, Disketi na Urithi wa Fasihi Simulizi

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga walituachia methali hii kama onyo, lakini katika enzi hizi za utandawazi yaelekea tumeigeuza kuwa kanuni ya maisha. Rununu ya miaka mitatu huchekwa. Tarakilishi ya miaka saba huitwa gofu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa programu yake ya Windows 10. Tarakilishi nyingi zisizoweza kupokea toleo lililofuata zikahesabiwa kuwa zimezeeka, ilhali jana yake zilikuwa zikifanya kazi bila kulalamika.

Nani basi huamua kwamba kitu kimechakaa: mtumiaji au mwuzaji? Swali hili si geni. Mwaka wa 1924 watengenezaji wakuu wa balbu za umeme, wakiwemo Osram na Philips, waliunda muungano ulioitwa Phoebus, wakaafikiana kwamba balbu isidumu zaidi ya saa 1,000, ingawa walikuwa na ujuzi wa kuunda za kudumu zaidi. Mwanachama aliyevunja mwafaka huo alitozwa faini. Ni dhahiri, basi, kwamba uzee wa vyombo aghalabu hupangwa.

Huenda ukauliza, ndugu msomaji, haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Yanamhusu pakubwa. Mwaka wa 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kwamba fasihi ya Kiafrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo ya fasihi katika chuo kikuu cha Nairobi. Katika miongo iliyofuata, watafiti walienda mashinani na vinasasauti, wakarekodi ngano, nyimbo na maghani katika kaseti. Wengi wa wasimulizi hao wamekwisha kuaga dunia, na sauti zao zimo katika utepe mwembamba unaodhoofishwa na joto, unyevu na ukungu. Hata utepe ukiwa salama, chombo cha kuuchezea hakipatikani kwa urahisi. Mambo ni yayo hayo kwa vyombo vilivyoifuata kaseti. Kampuni ya Sony iliacha kuuza disketi mwaka wa 2011, na kampuni ya Funai ya Japani ikaacha kuunda mashine za kanda za video mwaka wa 2016. Tasnifu iliyohifadhiwa katika disketi pekee ni sawa na sanduku lililopotelewa na ufunguo.

Linganisha hali hiyo na mswada wa Utendi wa Tambuka. Mswada wake maarufu ni wa mwaka wa 1728, umeandikwa kwa hati za Kiarabu, na ungali unasomeka karibu miaka 300 baadaye. Ni kweli kwamba hati za Kilatini zilipotawala shuleni, warithi wengi wa tendi hizo walishindwa kuzisoma. Nao huo ni uchakavu wa aina yake. Hata hivyo, tofauti ni kubwa: hati mtu hujifunza kwa miezi michache akiwa na mwalimu na bidii. Mashine isiyoundwa tena haifunzwi.

Wapo watakaosema dawa ni kuyatia yote katika dijiti na kumaliza kazi. Naafikiana nao nusu. Naam, rununu ya leo hurekodi ngano nzima bila kubadilisha upande wa kanda, na nakala yake husafiri kufumba na kufumbua. Lakini faili nayo huzeeka: programu ya kuifungua hubadilika, diski hufa, na akaunti ya mtu hufungwa anapohitimu na kuondoka. Kuhifadhi kwa dijiti si tendo la siku moja. Ni ulezi.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kila idara ya Kiswahili iorodheshe kanda na disketi ilizo nazo na kuzinakili sasa, kabla vinasasauti vichache vilivyosalia havijatupwa. Pili, nakala zihifadhiwe katika miundo iliyo wazi, isiyotegemea kampuni moja, na ziwekwe mahali zaidi ya pamoja. Tatu, kila rekodi inukuliwe kwenye karatasi, kwani karatasi haihitaji ila macho na mwanga. Hapa chama chetu kina nafasi, maana unukuzi ni kazi ambayo wanafunzi wanaweza kuifanya na kujifunza kwayo. Nne, fedha za kununulia tarakilishi mpya ziambatane na fungu la kukarabati za zamani. Mafundi wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi hufufua vyombo ambavyo waliviunda wamevikatia tamaa. Ustadi wao ni elimu, nao wastahili kualikwa vyuoni.

Simwombi yeyote akatae vyombo vipya. Ninachopinga ni kununua kwa kuona haya, na kutupa kabla ya kuuliza kilichomo ndani. Rununu ya mwaka huu itapata mrithi mwakani. Bibi aliyeimba wawe katika kanda ya miaka ya 1970 hatarudi kuimba tena.