Soko Huru la Afrika na Lugha ya Mkataba

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika ulitiwa sahihi jijini Kigali mwezi Machi 2018, nayo Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kuuridhia. Nchi wanachama ziliahidi kuondoa, hatua kwa hatua, ushuru wa forodha kwa asilimia 90 ya aina za bidhaa. Hata hivyo, nafuu hiyo haimfikii kila mwenye mzigo: sharti athibitishe kwa hati kwamba bidhaa yake imetimiza kanuni za asili ya bidhaa, yaani ni zao la Afrika. Mwaka 2022 chai na betri za Kenya zilisafirishwa hadi Ghana kwa utaratibu huo. Je, mshonaji mdogo wa Gikomba atazijuaje kanuni hizo? Matini asilia za mkataba ziliandikwa kwa Kiarabu, Kifaransa, Kiingereza na Kireno. Mwaka uo huo wa 2022, Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Heshima hiyo itabaki pambo tu iwapo wataalamu na wanafunzi wa Kiswahili hawatauweka mkataba huu katika lugha anayoielewa mchuuzi. Haki isiyoeleweka haidaiwi.