Kilimambogo Si Studio Yako

Wasee, leo sibembelezi mtu. Kila nikiweka video ya Kilimambogo niliyopiga na simu, lazima mtu aulize: "Buda, droni iko wapi? Umeogopa askari?" Droni iko Ruiru, kwa begi. Na itakaa huko mpaka niwe na karatasi.

Nianze na kosa langu, ndio msiseme najifanya mtakatifu. Mwaka jana nilipita lango la Ol Donyo Sabuk na droni imefichwa ndani ya shuka ya pikniki. Huko juu nikairusha. Mbega waliokuwa wametulia kwa mti wakaanza kuruka ovyo, mmoja mtoto amemng'ang'ania tumboni. Tawi likakatika. Hakuna aliyeanguka, lakini mimi nilikuwa kwa skrini nikichekelea vile "wametokea poa". Hiyo klipu ndiyo ilipendwa kuliko zote kwa peji yangu. Nimeifuta.

Mnasema droni ni kadude kadogo, haiumizi mnyama. Sawa. Kule Mara, Mara Elephant Project hutumia droni kufukuza ndovu mashambani. Ndovu, mnyama wa tani kadhaa, anatoroka hiyo sauti! Sasa kama hiyo ndiyo dawa ya kumtoa mnyama shambani, ukimpelekea kwake nyumbani unamfukuzia wapi?

Na Kilimambogo si Tsavo. Ni mbuga ya kama kilomita 20 za mraba, imezungukwa na mashamba ya watu. Jina lenyewe linakwambia kilima ni cha nani: mbogo. Nyati akishtuka hatapigana na droni yako huko hewani. Atakutana na yule anayepanda mlima kwa miguu, ama mama aliye shambani kwake. Wewe utakuwa umeshapakia video.

Sheria si siri. Kanuni za 2020 zinasema sajili droni yako na KCAA, uwe umefika miaka 18, usipite futi 400, yaani kama mita 120, na ukae mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyo yako. Ukitaka kurusha mbugani, unahitaji pia ruhusa ya KWS. Tiketi ya lango ni ya macho yako, si ya propela.

Na wewe unayesema basi utarushia mtaani: hizi ploti zetu za Ruiru zimebanana hivi, mita 50 utaipata wapi? Juu ya nguo za jirani? Ama utaenda upande wa kambi ya jeshi ya Kahawa, ukaelezee huko kwamba unatafuta kontenti?

"Lakini ni ghali!" Kweli, na hapo niko na nyinyi. Kijana wa Thika anayeanza hana pesa za kampuni ya filamu. KCAA na KWS, tuwekeeni ada ya wanaoanza, na eneo la kufanyia mazoezi. Lakini nauli ikipanda, huibi matatu. Unapiga kelele ishuke.

Halafu mmesahau haraka. Kanuni za kwanza zilitoka 2017, Bunge likazitupa 2018, na watu wa droni wakangoja mpaka 2020 ndio wapate njia ya kisheria. Huo mlango umefunguliwa juzi tu. Nyati mmoja akimuua mtu kwa sababu ya klipu ya sekunde 15, utafungwa tena, na hautafungiwa wewe peke yako. Utafungiwa pia yule aliyejinyima akalipia kila karatasi.

Kwa hivyo, ukitaka tuandike barua kwa KCAA na KWS tudai ada nafuu, niandikie, tuanze wiki hii. Lakini kama unataka kunifunza vile ya kupitisha droni kwa lango, usijisumbue. Hiyo nilishaijua, na ndiyo sababu naandika.