Kontena za Nyumbani Zisiwe Magari ya Taka

Maneno "uchumi wa mzunguko" yanatajwa sana siku hizi kwenye mikutano ya wakubwa, na ukiwasikiliza unaweza kudhani ni elimu mpya iliyoshuka na ndege kutoka Ulaya. Maana yake ni kwamba kitu kikishatumika kisitupwe, bali kitengenezwe, kigeuzwe kitu kingine au kirudi kiwandani kikaanze maisha mapya. Sisi watu wa pwani tunauliza: kwani bibi zetu walikuwa wakifanya nini? Nazi ikishakunwa, kifuu kilikuwa upawa au kuni. Kumbi lilifukiwa ufukweni miezi kadhaa mpaka likalainika, likapondwa likatoa usumba, na usumba ukasokotwa kamba. Hakuna aliyepeleka kumbi jaani.

Kazi hiyo haijafa, ndugu wasomaji. Dar es Salaam ina vijana wanaozunguka na viroba wakiokota chupa za plastiki, ina wanunuzi wa vyuma chakavu na mizani zao, na ina mafundi wanaokata matairi yaliyokwisha wakatengeneza katambuga. Kata ya Bonyokwa, wilayani Ilala, wakusanya taka wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua taka zilizotenganishwa, na mabaki ya jikoni yanageuzwa mboji. Kule Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, wakalipamba kwa kandambili zilizotupwa zipatazo elfu 30, na mwanzoni mwa mwaka 2019 jahazi hilo, Flipflopi, likasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Serikali nazo hazikulala. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019.

Sasa wakati wenzetu nyumbani wanahangaika hivyo kupunguza taka, huku ughaibuni baadhi yetu wanawaongezea. Tunazungumzia kontena. Kila mwenye ndugu nyumbani anaijua shughuli hii: mnachanga nafasi, mnajaza magodoro, baiskeli, nguo, friji, televisheni, kompyuta. Mizigo hii imesaidia watu wengi, na hatutaki kumkatisha tamaa yeyote. Friji lililotoka Uingereza limemfanya mama auze barafu na juisi akasomesha watoto. Kompyuta ya mtumba ndiyo iliyowafundisha vijana wengi kuandika barua pepe. Kitu kinachofanya kazi kikiongezewa miaka kumi mikononi mwa mtu anayekihitaji, huo ndio uchumi wa mzunguko wenyewe.

Tatizo ni vile visivyofanya kazi. Mtu amebadilisha friji, la zamani haligandishi, anaona uvivu kulipeleka kwenye kituo cha halmashauri ambako angelipokelewa bure, basi anasema, "Litie tu kwenye kontena, mafundi wa nyumbani hawashindwi." Hawashindwi kweli? Friji lenye kompresa iliyokufa na gesi ya aina ambayo haiuzwi tena linamshinda hata fundi hodari. Litakaa uani, litageuzwa kabati la nguo au la kuwekea mkaa, halafu mwisho wake ni jaa. Televisheni za chogo, ambazo baada ya Tanzania kuanza kuzima matangazo ya analojia mwishoni mwa mwaka 2012 hazikuwa na maana bila king'amuzi, kioo chake kina madini ya risasi. Nyaya huchomwa moto ili kupata shaba, na moshi wake wanaovuta ni watoto wa jirani.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilisema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na kwamba Afrika ni chini ya asilimia 1 tu ya taka hizo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaoeleweka. Nyingine zote zinaishia kwenye mikono mitupu.

Na mikono mitupu inaumia. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Ukisikia tu, nacho kilikuwa kinarejeleza! Lakini sumu iliingia kwenye damu za watu, watoto wakiwemo, na kesi ya wakazi hao ilichukua miaka mingi mahakamani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kwa hiyo anayesema "watajua cha kufanya nacho" aulizwe: kwa vifaa gani, na kwa gharama ya afya ya nani?

Sheria ziko. Uingereza na Umoja wa Ulaya zinataka kifaa cha umeme kilichotumika kipimwe na kuthibitika kinafanya kazi kabla ya kusafirishwa, la sivyo kinahesabiwa taka. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za umeme zisivuke mpaka bila idhini ya nchi inayozipokea. Ghana ilikwisha piga marufuku friji za mtumba tangu 2013. Sisi hatuombi nchi zetu zifike huko, kwa sababu atakayeumia ni yule mama wa barafu. Lakini tukiendelea hivi, siku moja zitafika, na hatutakuwa na la kujitetea.

Tena ni hasara ya pesa. Friji bovu linakula nafasi ile ile, linalipiwa bandarini kama zima, na ndugu yako anakodi gari kulichukua. Nafasi hiyo hiyo ingebeba boksi la vipuri, mita ya fundi, mashine ya kuchomelea, vitu ambavyo vingemwezesha fundi wa mtaani kufufua vifaa vilivyokwisha fika huko.

Kampuni za kusafirisha mizigo, ambazo nyingi ni za ndugu zetu wenyewe, zinaweza kuanza hata wiki hii bila kusubiri waziri yeyote. Ziweke soketi mlangoni mwa ghala. Anayeleta friji alichomeke, asubiri nusu saa, likipoa lipakiwe, lisipopoa arudi nalo.