Utungo Wangu Hauna Haja ya Kitambulisho

Swali la "huu ni muziki wetu kweli?" limechosha. Ukitunga kitu cha piano ukiwa hapa Gitothua, ukakiweka mtandaoni, hilo ndilo la kwanza kuulizwa. Hakuna anayeuliza kama kimemgusa, wala kama mkono wa kushoto umezidi kelele. Kwanza toa kitambulisho.

Mimi nimeulizwa. Utungo wangu wa dakika nne, niliorekodi kwa simu usiku wakati matatu zimepungua, ulipata majibu ya aina mbili. Wa kwanza: "Wacha kujifanya mzungu." Wa pili: "Si mbaya kwa Mkenya." Mmoja ananifukuza nyumbani, mwingine ananikaribisha kwake kupitia mlango wa jikoni. Na hakuna aliyetaja hata noti moja.

Tuanze na huyo wa kwanza. Hapa Kiambu, jaribu kumwambia mzee kwamba mwomboko ni ngoma ya kigeni, uone. Lakini mwomboko unachezwa kwa kodiani, na karing'aring'a, ile pete ya chuma, ikigongwa kando yake. Kodiani ilisajiliwa Vienna mwaka 1829, miaka miwili tu baada ya Beethoven kufa katika mji huo huo. Wazee wetu hawakungoja ruhusa. Waliishika, wakaiendesha kwa mwendo wao, ikawa yao. Kina D.O. Misiani nao wakafanya vivyo hivyo na gitaa: ufundi wa nyatiti ukahamia kwenye nyuzi za chuma, benga ikatikisa nchi. Kwa hivyo kodiani imepita, gitaa limepita. Mbona piano isimamishwe getini?

Mimi naona shida ni bei. Piano tumeizoea kwenye hoteli kubwa na shule za watu wa pesa, ndio maana tukiisikia tunahisi tumefungiwa nje. Hasira hiyo naielewa, hata nami ninayo. Lakini kumrushia mtu anayefanyia mazoezi kibodi ya kanisa yenye vibonye 61 ni kumwacha mwenye geti na kumpiga anayeruka ua.

Huyo wa pili naye, mwenye sifa za nusu bei, akumbuke Chopin. Alikaa Paris akichukua mazurka, ngoma ya mashambani kwao Poland, akaitungia piano zaidi ya mara 50. Leo nani humsifu kwa kusema alijaribu, kwa mtu wa Poland? Basi nami nikiweka mdundo wa karing'aring'a kwenye mkono wa kushoto, nipimwe kwa kile nilichofanya nao.

Na nyinyi wasee mnaotunga kisha mnaficha kwenye simu: wekeni hizo kazi. Wacheni kutanguliza "samahani, bado najifunza." Wekeni na noti zake pia, ili mtu Thika azifungue, azicheze, hata azikosoe. Mtoto hapa anaweza kusomea piano miaka minane bila kuulizwa yeye mwenyewe ametunga nini. Akikuta noti za jirani yake, labda atajiuliza.

Wewe msikilizaji, maliza hizo dakika nne kwanza. Kisha niambie sehemu ya kati imelegea, ama mwisho umechelewa kufika. Hayo tutabishana hadi asubuhi. La kitambulisho sijibu tena.