Tenda ya usafi: ukionewa una siku tano tu, usizimalizie kijiweni

Wadau, leo niguse kitu ambacho tunakiongelea sana halafu kinaishia hapo hapo: tenda za usafi za serikali. Kufagia ofisi, kupiga deki wodi, kufyeka majani, kuzoa taka sokoni. Kwa mtu wa Dar inaweza kuonekana tenda ndogo. Kwa vijana wa huku kwetu Lalago, ambako hela ya pamba inaonekana kwa msimu halafu kimya, tenda hiyo ni mshahara wa mwaka mzima wa watu kumi au zaidi.

Na kila zikitoka, maneno ni yale yale. "Kapewa mtu wao." "Sisi bei yetu ilikuwa ndogo." Mi sibishi kwamba kuonewa kupo. Ninachobisha ni namna tunavyodai haki yetu. Anayelalamika kijiweni mwezi mzima, mbele ya sheria hana tofauti na aliyekubali matokeo.

Ugomvi huu sio wa jana. Mwaka 1994 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilibinafsisha uzoaji taka kwenye kata 10 za katikati ya jiji. Kampuni moja tu, Multinet Africa, ndiyo iliyopewa. Malipo yalitegemea ada za wananchi, ada hazikukusanyika inavyotakiwa, vifaa vikapungua na taka zikabaki. Mwaka 1996 halmashauri yenyewe ilivunjwa ikaja Tume ya Jiji, na makampuni mengine yakaingizwa. Hadi mwisho wa miaka ya 90 wakandarasi wa taka walikuwa makumi, vikiwemo vikundi vya wananchi wa kawaida.

Funzo langu hapo ni moja. Mwaka 1994 aliyeona hakutendewa haki hakuwa na chombo maalum cha kupeleka rufani ya zabuni. Leo kipo, kinaitwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA kwa kifupi. Tatizo ni kwamba wengi tunakikumbuka muda ukiwa umeshapita.

Hebu tuangalie sheria inasemaje. Inayotumika sasa ni Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 2011. Tenda zinapita kwenye mfumo wa NeST. Kabla mkataba haujasainiwa, taasisi lazima itoe notisi ya kusudio la kutoa tuzo kwa wote walioomba. Hiyo notisi ndiyo roho ya mchezo, kwa sababu inamtaja aliyeshinda, bei yake, na sababu ya wewe kukosa.

Ukishaipata una siku 5 za kazi kupeleka malalamiko kwa Afisa Masuuli, ambaye kwa halmashauri ni Mkurugenzi. Zamani zilikuwa 7, sheria mpya imezipunguza. Ikiingia Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, lakini Ijumaa inayofuata mlango unafungwa. Mkurugenzi naye ana siku 5 za kazi kujibu. Asipojibu, au jibu lisikuridhishe, una siku 5 nyingine za kwenda PPAA, na wao wana siku 40 za kutoa uamuzi. Wanaweza kufuta tuzo, kuagiza tathmini ianze upya, hata kuamuru ulipwe gharama zako. Asiyeridhika hapo anaenda Mahakama Kuu.

Sasa fikiria kikundi cha huku ambacho nywila ya NeST anayo katibu peke yake, na katibu yuko shamba. Notisi imeingia Jumatatu, inasomwa Jumatano ya wiki inayofuata. Hapo mchezo umekwisha. Hakuna fisadi aliyewafanyia hivyo, mmejifunga wenyewe.

Twende kwenye hoja yenyewe. Wengi wanaandika barua ya kurasa mbili inayosema "bei yetu ilikuwa ya chini kuliko mshindi." Hoja hiyo peke yake ni nyepesi. Bei inaangaliwa kwa wale waliopita vigezo vya mwanzo. Kama ulisahau kuambatanisha kibali kilichotakiwa, hata ukisema utafagia bure umetoka. Hoja zenye meno ni hizi: nimeondolewa kwa kigezo ambacho hakimo kwenye nyaraka za zabuni. Sababu niliyopewa si kweli, na ushahidi huu hapa. Mshindi hana kitu ambacho mimi nimetolewa kwa kukikosa. Na kama kigezo chenyewe ni cha ubaguzi, lalamika mapema kabla ya kuwasilisha zabuni. Ukikikubali, ukashindana, ukashindwa, halafu ndio ukione kibaya, nani atakuelewa?

Na hapa kwenye bei ndipo penye jambo lenyewe, wadau. Usafi hauna mitambo mikubwa, karibu gharama yote ni watu. Chukua mfano tu: tenda inataka wafanyakazi 10, kila mmoja laki 3 kwa mwezi. Hiyo ni milioni 3 hata fagio hujanunua. Weka mchango wa mwajiri NSSF asilimia 10, umefika 3,300,000. Bado sabuni, dawa, glavu na buti. Sasa akitokea mtu ameandika milioni 2 na nusu, ile tofauti inalipwa na nani? Inalipwa na mama anayepiga deki. Atakatwa, atacheleweshewa, au atapangiwa kazi ya watu wawili.

Oktoba 2025 serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4 kuanzia Januari 1, 2026. Ina maana bei ya usafi iliyopigiwa hesabu za zamani sasa ni bei ya kumkopa mfanyakazi bila yeye kujua. Na taratibu za ununuzi zinairuhusu taasisi kumhoji mwenye bei ya chini kupita kiasi, na kumkataa akishindwa kuitetea. Kwa hiyo badala ya kulia kwamba wewe ndiye uliyekuwa rahisi, uliza kama mshindi anaweza kulipa watu kihalali kwa bei aliyoandika. Swali hilo linambana yeye, na linakubana na wewe pia.

La mwisho ni zile asilimia 30. Sheria inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa vikundi maalum: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Usafi ndio kazi inayofaa kabisa kuingia humo. Sasa badala ya kusubiri tenda itangazwe tuanze kugombana, kwa nini tusimuulize diwani wetu mapema: katika mpango wa ununuzi wa mwaka huu, tenda gani zimewekwa fungu hilo, na usafi umo? Swali hilo halina gharama na linaulizika kwenye mkutano wa hadhara.

Kwa walio kwenye vikundi, fanyeni matatu wiki hii. Nywila ya NeST wawe nayo watu wawili wanaoaminika. Mmoja apewe zamu ya kufungua mfumo kila siku ya kazi mkishaomba tenda. Na nakala ya kila mlichowasilisha itunzwe, maana siku ya kulalamika hutaulizwa una hasira kiasi gani, utaulizwa karatasi iko wapi.

Nawasilisha. Mwenye uzoefu wa kukata rufani ya tenda ya usafi, akashinda au akashindwa, atupe darasa hapo chini.