Tusiziache Santuri za Wazee Ziharibike

Likizo ya Agosti nilikwenda kumwamkia mzee mmoja jirani yetu, upande wa Tororo. Chini ya kitanda chake pana sanduku la bati, na ndani yake santuri za zamani: Daudi Kabaka, Fadhili William, George Mukabi na wengine. Nyingi zimepinda kwa joto la mabati, na moja niliikuta imefunika mtungi wa maji. Nilipomwuliza kwa nini hazitunzi, alicheka, akasema, “Nani atazitaka, mjukuu wangu? Gramafoni yenyewe ilikufa zamani.”

Wanafunzi wenzangu, nanyi wazee wetu mliosoma hapa, neno hilo limenikaa moyoni. Ngoma za jadi twaziheshimu, wala sisemi vibaya. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa mambo yanayohitaji kulindwa upesi, na akogo ya Wateso, ambao wako pande zote mbili za mpaka, twaipiga kwa fahari siku ya wazazi. Lakini muziki wa dansi, ule wa gita, twauona kuwa ni mambo ya walevi tu, hauna historia. Hapo ndipo tunapokosea.

Mtazameni huyo Mukabi. Alikuwa mtu wa Kisa, akaufariki ulimwengu mwaka 1963, angali kijana. Mtindo wake waitwa omutibo: mmoja apiga gita kwa vidole, na mwenziwe agonga chupa ya Fanta kushika mwendo. Aliimba Kiluhya na Kiswahili pia, hata asiyejua lugha ya kwao akaweza kufuata. Mwaka 2017 nyimbo zake zilikusanywa zikatolewa upya, na kampuni iliyofanya hivyo ilikuwa ya ng'ambo! Kweli, kwetu wako Ketebul Music wa Nairobi, ambao tangu 2007 wamefanya kazi njema ya kutafuta wapigaji wa benga na omutibo. Lakini hawawezi kuingia kila nyumba ya Busia na kuchungulia kila kitanda.

Wengi wenu mwapenda muziki wa hausi. Je, mwajua ulikotoka? Ulipata jina lake katika klabu iliyoitwa Warehouse, mjini Chicago, ambako Frankie Knuckles alianza kupiga santuri mwaka 1977. Palikuwa pahali pa watu weusi waliodharauliwa, na wakubwa wa mji hawakupaona kuwa kitu. Mwaka 2023 jengo lile liliwekwa chini ya ulinzi wa sheria kama jengo la historia. Sisi hatuwezi hata kutaja kumbi ambazo babu zetu walichezea twist.

Najua mtaniuliza habari ya disko matanga. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, nami naona ni haki, maana wasichana wetu wameharibikiwa na masomo katika usiku ule wa jenereta na vipaza sauti. Lakini kabla ya vipaza sauti, matangani alikaa mtu na gita, watu wakamsikiliza mpaka alfajiri. Tulitokaje huko tukafika huku? Jambo hilo wazee wanalijua, na kila mwaka tunawazika.

Basi naomba hivi. Likizo ya Desemba kila mmoja wetu amwendee mzee mmoja, upande wa Uganda au wa Kenya, amrekodi kwa simu kwa ruhusa yake, na kuandika: wimbo gani, nani alipiga, ukumbi gani, mwaka gani. Santuri zibaki kwa mwenyewe. Sisi tuchukue nakala tu, tuziweke katika kabati moja la maktaba. Na mtu asizitangaze wala kuziuza bila idhini ya jamaa za mwimbaji.

Mzee wangu amekwisha kuniahidi Jumamosi ya kwanza ya likizo. Ninalokosa ni mashine ya kuchezea santuri. Kama yuko mmoja wenu, huko Nairobi au Kampala, aliye nayo ikikusanya vumbi, na aniletee kabla ya siku hiyo.